Wekundu wa Kigingi cha Tatu

Mabuti ya marehemu yalikuwa juu ya meza ya Inspekta tangu saa mbili asubuhi, ndani ya mfuko wa nailoni, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nayo. Yalinuka. Haikuwa harufu ya maiti, maana maiti yenyewe ilitolewa mtoni ikiwa haijaharibika. Ilikuwa harufu ya mayai viza na ngozi mbichi, na feni ya ofisini iliigawa kwa haki, kila mtu akapata fungu lake.

"Afande, niyatoe nje?" Sajini aliuliza kwa mara ya tatu.

"Yaache."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Chekeche. Mwanzoni walimwita hivyo nyuma ya mgongo wake, halafu mbele yake, walipoona halichukii jina. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, asiyepaza sauti. Akipewa maelezo huyatikisa taratibu mpaka pumba zote ziende zake, zibaki punje mbili tatu za kupika. Kazi ya namna hiyo inataka muda, na siku hiyo muda hakuwa nao. Saa tisa alasiri gari lingemchukua Mzee Bilinganya kumpeleka mahakamani kusomewa shtaka la kuua.

"Una maiti, una ugomvi, una bustani," Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia asubuhi ile, akikunja kidole kimoja kimoja. "Unataka nini tena? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nataka mpaka saa tisa, mkuu."

"Mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa na dakika moja usinitafute."

Kwenye karatasi, kesi ilikuwa nyepesi. Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Mpima Mto, alikuwa mtumishi wa ofisi ya maji kwa miaka ishirini na mbili. Jana alfajiri alikutwa amelala kifudifudi kwenye maji ya kufika magotini, ubavuni mwa bustani ya Mzee Bilinganya. Kisogo kilikuwa kimepasuka na mapafu yamejaa maji. Daktari alisema alikufa juzi, alasiri au jioni. Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa juu ya ukingo, funguo zikining'inia. Na wiki mbili kabla ya hapo, watu wote wa ukingoni walimsikia Mzee Bilinganya akimwambia kwamba akirudi tena kuandika habari za dawa yake ya nyanya, atazikwa na daftari lake. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe sasa kilikuwa nyuma ya nondo.

Chekeche alivaa glavu, akachukua sinia jeupe aliloazima jikoni kwa mama wa chai, akainamisha buti la kulia. Tope jeusi lilitoka kwa uzito, likatandaa. Alimimina maji safi kidogo, akangoja. Sajini alisogea, mkono puani.

Tope lilianza kutikisika. Vinyoo vyekundu, vyembamba mithili ya uzi wa kushonea, vilijikunja na kujikunjua, kimoja, kumi, halafu vingi visivyohesabika.

"Siku mbili ndani ya buti," Sajini alisema. "Na bado viko hai."

"Kitu kingine unaona?"

Sajini alitazama kwa uangalifu. "Hakuna, Afande. Ni hivi vyekundu tu."

"Mimi pia. Lete picha za eneo la tukio."

Picha zilikuwa kumi na mbili. Ya tisa ilionyesha uzio wa bustani, na juu ya mti mmoja wa uzio ulining'inia wavu wa marehemu, ule mfuko wa kitambaa chenye matundu madogo, uliofungwa kwenye fremu yenye mpini mrefu. Wavu ulikuwa safi. Ulikuwa umegeuzwa ndani nje, ukafungwa kwa kikamba kwenye ncha ya mkia wake, fremu na mpini vikielekea ardhini. Chekeche aliitia picha hiyo kwenye mkoba wake.

Mzee Bilinganya alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, viganja vyake vimepasuka kwa jembe. Nje, kwenye benchi la mapokezi, mke wake alikuwa amekaa tangu jana na vidonge vya presha vya mumewe mkononi, na hakuna aliyekuwa amemwambia kama vinaruhusiwa kuingia. Mwishowe asubuhi ile Chekeche alikuwa ameviingiza yeye mwenyewe.

"Umekunywa dawa, mzee?"

"Nimekunywa, mwanangu. Sijui nailinda presha ili nini, kama mwisho wake ni kamba."

"Ule wavu kwenye uzio wako, uliuanika wewe?"

"Mimi?" Mzee alicheka bila furaha. "Nimekuta mtu amekufa majini, nianze kufua nguo zake? Niliukuta pale pale. Nikampigia kelele mwenye wavu, nikadhani amelala."

"Na maneno ya kumzika na daftari?"

"Niliyasema. Alikuwa anasema dawa yangu inaua wadudu wa mtoni. Nikamwambia dawa ya wadudu isipoua wadudu iue nini?" Aliinamisha kichwa. "Lakini alirudi siku ya pili, akanikalisha kwenye jiwe, akanionyesha kwenye sahani. Vidudu vya mikia mitatu. Akasema hivi vipo kwako, mzee, unavipunguza lakini vipo, ukipulizia mbali na maji vitarudi. Tukaelewana. Nikampa nyanya. Sasa mashahidi wa kugombana wapo ukingo mzima, mashahidi wa nyanya hakuna hata mmoja."

Chekeche aliandika maneno mawili kwenye daftari lake: mikia mitatu. Kisha akamwambia Sajini atie tope la buti kwenye chupa, na watoke.

*

Nyumbani kwa marehemu viti vya msiba vilikuwa vimepangwa uani, chini ya turubai. Mjane alitolewa ndani na dada zake, akampeleka Chekeche nyuma ya jiko, mahali palipo na beseni, bomba la maji na ukuta wenye misumari. Alikuwa mwanamke mkavu wa mwili, macho yamevimba. Chekeche alimpa pole, na pole hiyo ilitoka moyoni, kisha akatoa chupa.

Mjane aliinyanyua kwenye mwanga. Hakuuliza ni nini.

"Hawa ni wekundu," alisema. "Mume wangu alikuwa anawaleta hapa, anawachuja kwa chujio langu la chai. Nimenunua machujio manne kwenye ndoa hii."

"Wanaishi wapi?"

"Wanaishi pale wenzao walipokufa. Maji yakiwa mazima unakuta kila mtu na ndugu yake. Kuna wenye mikia mitatu, kuna wale wanaojijengea vinyumba vya changarawe, konokono, kaa wadogo. Maji yakianza kuharibika wa mikia mitatu anakuwa wa kwanza kufa, maana anapumulia ubavuni na hawezi kukimbia. Wa mwisho kubaki ni hawa. Damu yao inashika hewa hata pasipo na hewa." Alitikisa chupa kidogo. "Wakiwa wachache na wenzao, si neno. Ukiwaona peke yao hivi, hapo mto umekufa. Umewatoa kigingi cha tatu?"

Chekeche alivifahamu vigingi kutoka kwenye jalada. Ofisi ya maji ilipigilia vigingi vitatu ukingoni. Cha kwanza kilikuwa juu kabisa, cha pili kwenye bustani, cha tatu kilomita nne chini ya hapo, baada ya bomba la kiwanda cha ngozi. Kila mwezi mtu wa ofisi huingia majini penye kigingi, akachokonoa mawe kwa mguu dakika tatu, wavu ukiwa mbele yake, halafu akahesabu viumbe walioingia. Hesabu hiyo ndiyo inayosema kama mto ni mzima au mgonjwa.

"Nimewatoa kwenye mabuti yake," Chekeche alisema.

Mjane aliiweka chupa chini polepole. Alikuwa ameishi na Mpima Mto miaka ishirini, hakuhitaji kufafanuliwa.

"Basi hakufia bustanini."

"Maiti hushuka na mto, mama. Haipandi." Chekeche aliitazama chupa. "Lakini labda alianzia kigingi cha tatu, akapanda gari na mabuti yake machafu, akaenda cha pili."

"Yeye?" Mjane alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapata nguvu. "Afande, mume wangu hakuwahi kuvuka kizingiti hiki na tone la tope. Ukitoka kigingi kimoja huendi kingine mpaka umeosha kila kitu, usije ukabeba mdudu wa huku ukamhesabu kule. Alikuwa anasema huo ni uongo mbaya kuliko wa mdomo. Mabuti kwanza, wavu baadaye. Ukianza na wavu, maji ya mabuti yataurukia tena. Mpaka watoto wangu wanaoga kwa mtindo huo, miguu kwanza."

Chekeche alikuwa anatazama ukutani. Kwenye msumari wa tatu ulining'inia wavu mwingine, wa zamani, umeshonwa viraka viwili. Ulikuwa umegeuzwa ndani nje na kufungwa kwa kikamba kwenye ncha ya mkia, mpini chini.

"Huu nani ameuanika?"

"Mwenyewe. Jumapili iliyopita." Mjane alijifuta uso kwa khanga. "Mtu mwingine angeuegemeza tu ukutani. Alikuwa anasema ukiuanika hivyo, kwenye mshono wa mkia hakubaki mdudu aliyejificha, na uzito wa fremu unaunyoosha."

"Alisema nini siku ile, kabla hajatoka?"

"Kigingi cha tatu kilikuwa kinamnyima raha. Ofisi ilimpeleka mto mwingine miaka mitatu, amerudi mwezi uliopita, akakuta karatasi zinasema kigingi cha tatu kuna wa mikia mitatu tele. Na kwa ajili ya karatasi hizo wamejenga pampu ya maji ya mji pale chini. Jumatatu inafunguliwa. Akaniambia, mke wangu, nataka kuwaona kwa macho yangu. Nikamwambia kula kwanza. Hakula."

Kutoka mbele ilisikika sauti ya mtu akiagiza viti vingine. Mjane aliinua kichwa, kisha akakiinamisha.

"Nilidhani ni kaka yangu. Yeye ndiye anashughulika na kila kitu, jeneza, turubai, wageni. Mume wangu alimwingiza kazini hana mbele wala nyuma, leo ndiye mkuu wa maabara. Amekwenda ofisini mara moja tu, kumalizia karatasi za pampu."

"Mama, naomba kuuazima huu wavu. Nitaurudisha leo."

"Uurudishe safi," mjane alisema, kwa mazoea, kisha akajifunika uso kwa khanga.

*

Ilikuwa saa saba kasoro walipofika kiwanda cha ngozi. Njia ya gari ya kufikia kigingi cha tatu ni moja, inapita kwenye geti lao, na getini alikaa mlinzi mwenye bandeji kubwa mkononi. Sajini aliiona bandeji kabla hajazima injini.

"Afande," alinong'ona. "Huyu ndiye aliyemtishia marehemu kwa mbwa mwezi uliopita. Ipo kwenye jalada."

"Basi tumsalimie."

Mlinzi alisimama, akakaa, akasimama tena. Sajini alimsogelea kifua kwa kifua.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimeng'atwa."

"Na nani? Marehemu?"

"Na mbwa."

"Mbwa wa nani?"

Mlinzi alitazama chini. "Wangu, Afande. Wa kiwanda."

"Mbwa wako anakung'ataje wewe?"

Mbwa mwenyewe, aliyefungwa kwenye mti, alipiga miayo.

"Nilimkanyaga," mlinzi alisema mwishowe. "Nilikuwa nimelala kwenye kiti, nikaota nachelewa kazini, nikaruka. Naomba bosi asijue. Nina watoto wanne."

Sajini alivuta hewa ya kumkaripia, lakini Chekeche alimgusa mkono. Mtu anayekubali aibu ndogo mara nyingi husema na mengine bila kusukumwa.

"Kitabu cha magari kiko wapi?"

Kililetwa. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini mpangilio ulikuwepo: namba ya gari, kuingia, kutoka. Chekeche alipitisha kidole. Juzi, gari la ofisi ya maji: kuingia saa tisa na robo alasiri, kutoka saa kumi na nusu. Alifungua kurasa za nyuma, mwezi uliopita, mwaka jana, mpaka jalada la mwanzo.

"Kitabu hiki kinaanza lini?"

"Nilipoanza kazi. Mwaka wa tatu huu."

"Gari hili linaingia mara moja tu humu. Juzi."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kabla ya hapo sijaliona hapa. Yule mzee alikuja kwa miguu mwezi uliopita ndiyo nikamwonyesha mbwa, sikumjua. Samahani yangu haimfikii tena."

"Juzi lilikuwa na watu wangapi?"

"Wawili."

Sajini aliacha kuandika. Ofisini kwao walikuwa wamesema Mpima Mto alitoka peke yake.

"Wakati wa kutoka?"

"Wawili vile vile. Mmoja anaendesha, mwenzake amelala, kofia usoni, kichwa kwenye kioo. Nikasema moyoni, huyu naye kama mimi." Mlinzi aliwatazama kwa zamu, na taratibu uso wake ukabadilika rangi. "Afande, alikuwa amelala, si ndiyo?"

Chekeche alifunga kitabu.

"Dereva ulimwona?"

"Gari la serikali huwa sitazami dereva. Natazama namba, nafungua."

Walishuka ukingoni kwa miguu. Bomba lilikuwa limetokeza kwenye ukuta wa zege, likitapika maji ya rangi ya chai nzito. Hatua ishirini chini yake kilisimama kigingi, rangi yake nyeupe imeliwa. Kwenye kona ya zege palikuwa na doa la kahawia. Sajini alilipiga picha, akakwangua kidogo kwenye bahasha. Chekeche alivaa mabuti yake, akaingia, akachokonoa mawe kwa mguu dakika tatu kamili, wavu wa mjane mbele yake. Aligeuza jiwe moja kwa mkono, halafu jingine. Chini ya mawe hapakuwa na kitu. Hata konokono walibaki maganda matupu, meupe, yamejaa tope. Wavu ulipotoka ulikuwa mweusi, na ndani ya weusi ule wekundu walikuwa wanacheza.

Chekeche aliinua macho. Chini kidogo, kwenye kona ya mto, paa jipya la nyumba ya pampu lilikuwa linang'aa.

"Tuuoshe, Afande?" Sajini aliuliza.

"Uache hivi hivi. Mazoea yana taabu, Sajini. Twende tukaone ya nani."

*

Ilikuwa saa nane na nusu. Maabara ya ofisi ya maji ilikuwa chumba kimoja kirefu, sakafu ya vigae imesuguliwa mpaka inaonyesha sura ya mtu. Rafu za chupa zilipanda hadi dari, kila chupa na kikaratasi cha penseli ndani ya spiriti. Ukutani, ndani ya fremu, ilining'inia barua ya pongezi kwa mradi wa pampu. Chini yake alikaa mkuu wa maabara, ambaye wote walimwita Profesa, ingawa chuo alikiona kwa nje tu. Macho yake yalikuwa mekundu, shati halijapigwa pasi.

"Karibu Afande. Mnanikuta vibaya. Kazi haijui msiba." Kisha akaona. "Huo wavu..."

"Samahani, sikupata pa kuuweka." Chekeche aliuegemeza kwenye meza ya vigae. Tone jeusi lilidondoka sakafuni. "Sitakuchelewesha. Siku ile shemeji yako alitoka na nani?"

"Peke yake. Alichukua gari saa nane na nusu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Mpaka jioni."

"Na nani?"

"Na hawa." Alionyesha chupa, akajaribu kutabasamu. Tone la pili lilidondoka, na macho yake yakalifuata.

"Kigingi cha tatu huenda nani?"

"Mimi. Kila mwezi."

"Bila kukosa?"

"Bila kukosa." Alivuta faili, vidole vyepesi. "Hii ya mwezi uliopita. Wenye mikia mitatu, sabini na wawili. Wajenzi wa changarawe, arobaini na mmoja. Mto unapumua pale, Afande. Watu wanasema harufu, harufu. Harufu siyo hesabu."

Chekeche alishusha chupa mbili rafuni, ya kigingi cha pili na ya tatu, za mwezi huo huo. Wadudu wadogo walikuwa wamelala chini, mikia yao mitatu imetandazwa. Chini ya wadudu, katika chupa zote mbili, palikuwa na punje za mchanga mweupe, msafi.

"Mchanga wa kigingi cha tatu ni mweupe?"

"Inategemea na mvua."

Tone jingine likadondoka. Halafu jingine. Tope lilianza kutambaa juu ya kigae kuelekea mguu wa meza. Sajini aliyekuwa mlangoni alitaka kusogea. Chekeche alimzuia kwa jicho.

"Huyu mkulima," Profesa alisema, akinyanyuka bila kujua, "mimi sina kinyongo naye. Ni hasira tu, mtu mzima na kiburi chake." Alikuwa ameshaushika wavu. "Sheria ifuate mkondo wake, lakini dada yangu anataka haya mambo yaishe, tuzike kwa amani." Alifungua bomba, akaukung'uta mfuko chini ya maji, akasugua mshono kwa dole gumba, upande huu, upande ule. "Ukiniuliza mimi, nyinyi mmefanya kazi nzuri." Aliugeuza ndani nje kwa mkupuo mmoja wa kiganja. Akatafuta kikamba kwenye ncha ya mkia, akakifunga kwenye msumari wa juu ya sinki. Fremu ikashuka, mpini ukaning'inia kuelekea sakafuni. Alijifuta mikono.

Chekeche aliutazama mkia wa wavu.

"Nani alikufundisha kuuanika hivyo?"

"Shemeji. Siku yangu ya kwanza kabisa." Sauti yake ililainika, na ulaini ule ulikuwa wa kweli. "Alinisimamia hapa hapa kwenye hili sinki. Akaniambia, shemeji yangu, mimi nitakusamehe ukichelewa, ukisahau, lakini ukianika wavu ovyo..."

Alikoma. Maji ya bomba yalikuwa bado yanatiririka.

Chekeche aliitoa picha kwenye mkoba, akailaza kwenye meza. Uzio wa bustani, na wavu juu yake, mkia juu, mpini chini.

"Mzee Bilinganya hajui kufanya hivi," alisema. "Mlinzi wa kiwanda hajui. Na marehemu asingeosha wavu akaacha mabuti yamejaa tope la kigingi cha tatu. Mabuti kwanza, wavu baadaye. Mji mzima wanaoanika wavu hivi ni wawili. Mmoja yuko kwenye jokofu."

Profesa alirudi kwenye kiti chake kama mzee.

"Nilimsukuma tu," alisema mwishowe. "Alinipeleka pale, akanionyesha wavu, akasema Jumatatu watoto wa mji huu watakunywa hii. Nikamwomba anipe wiki moja. Akasema ataandika siku ile ile. Nilimsukuma, akaangukia kona ya zege, akateleza majini, na mimi nikasimama." Alitazama mikono yake. "Nilisimama tu, Afande. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini."

"Miaka mitatu hukwenda kigingi cha tatu."

"Pananuka. Mwezi wa kwanza nilikuwa naumwa, nikagawa wadudu wa kigingi cha pili kwenye chupa mbili. Hakuna aliyeuliza. Mwezi wa pili nikagawa tena. Halafu wakaja na habari ya pampu, wakanipa barua ile, na hapo sikuweza kurudi nyuma."

"Ulimbeba mpaka bustanini, ukambambikia mkulima kesi. Hilo naelewa. Wavu uliuosha wa nini?"

Alifikiri, na ilionekana anafikiri kweli, kwamba swali hilo hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," alisema. "Ulikuwa mchafu."

Sajini alikuwa ameshatoa simu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba. Upande wa pili Mkuu wa kituo alisikika akisema gari limeshawashwa, mzee ameshapandishwa, nini tena sasa. Chekeche aliichukua simu.

"Lizime, mkuu. Mteremshe kwa adabu. Na yule mke wake kwenye benchi, mwambieni asiende popote, mzee anatoka." Alisikiliza kidogo. "Ndiyo. Na ofisi ya mkoa wapigiwe, pampu isifunguliwe."

Sajini alimfunga Profesa pingu. Yeye hakupinga, alinyoosha mikono yake misafi mbele, yenye kucha zilizokatwa sawasawa. Walipofika mlangoni alisimama, akageuka.

"Nani atamwambia dada yangu?"

Chekeche alikwenda kwenye sinki, akafunga bomba. Alifungua kikamba kwenye msumari, akauchukua wavu ule wenye viraka viwili, uliokuwa sasa hauna hata chembe ya tope.

"Mimi," alisema. "Nina wavu wake wa kurudisha."